Ekseli ya Salisbury ya mtumba kwa Land Rover 109: Grogan inakuuzia nini hasa?

Land Rover 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya Series II, IIA au Series III za mwanzo ikibebeshwa mzigo wa kweli, hafu-shafti za nyuma, yaani vyuma viwili vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, hukatika. Ukimuuliza fundi yeyote wa Nairobi aliyezizoea gari hizi, atakwambia toa ekseli ya Rover iliyokuja na gari, funga ile nzito iitwayo Salisbury. Ushauri huo ni mzuri. Ila Salisbury haiuzwi ikiwa mpya ndani ya boksi. Inauzwa ikiwa imelala chini, imejaa mafuta na vumbi, kwenye vibanda vya Kirinyaga Road ambayo wengi bado huiita Grogan, au kwenye yadi za Industrial Area, ikiwa imetolewa kwenye magari yaliyopigwa mnada au kukatwa vipandevipande. Hapa tunaitathmini ekseli hiyo jinsi inavyopatikana mjini, pamoja na kazi ya kuifunga.

Hukumu yetu ni hii: kwa gari la mzigo, inafaa pesa yake, mradi ufungue kifuniko cha difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) na kutazama ndani kabla ya kutoa hata shilingi moja. Muuzaji asiyekubali kifunguliwe, mpite.

Kwanza ieleweke unaondoa nini. Ekseli ya Rover ina difu ndogo ya uwiano wa 4.7 kwa 1 (propela, yaani shafti inayoleta nguvu kwenye ekseli, huzunguka mara 4.7 magurudumu yakizunguka mara moja), iliyofungwa upande wa mbele wa hausingi kwa nati kumi. Hafu-shafti zake ni nyembamba, na ncha ya ndani ina meno kumi tu. Ukiachia klachi ghafla ukiwa kwenye gia nzito na gari limejaa mawe au mapipa ya maji, nguvu yote hupita kwenye meno hayo kumi. Chuma hujipinda kidogo kidogo kwa miaka, kisha siku moja hukatika kwenye kilima. Uzuri wake ni kwamba gurudumu limeshikwa na habu na beringi zake, hivyo shafti ikikatika gurudumu halitoki, na ukitia mvuto wa mbele utafika nyumbani polepole. Uzuri wa pili ni kwamba difu nzima hutoka kama kitu kimoja: mwaga oili, chomoa shafti mbili, fungua propela, fungua nati kumi, basi. Kazi hiyo hufanyika hata kando ya barabara ya Magadi.

Salisbury ni chuma cha aina nyingine. Ni ya ukoo mmoja na ekseli ya Dana 60 ya Marekani, na Land Rover waliifanya ya kawaida kwenye 109 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, ni kubwa zaidi, shafti ni nene, na hausingi ina uzito wa kuhitaji watu wawili wenye nguvu. Kwenye 109 ya mizigo ni nadra usikie imekatika shafti. Lakini kuna gharama yake. Tumbo la difu ni kubwa zaidi, kwa hiyo linaning'inia chini zaidi na kugonga mawe ambayo Rover ingeyavuka. Uzito wote huo uko chini ya springi, na gari likiwa tupu nyuma hurukaruka zaidi. Kubwa kuliko yote, difu ya Salisbury haitoki nzima. Imejengwa ndani ya hausingi, na kuitoa kunahitaji chombo maalumu cha kutanua hausingi, kisha kupanga upya shimu, yaani vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita. Mafundi wenye chombo hicho na wanaojua kukitumia ni wachache. Ndiyo maana tunakazia ukaguzi: Salisbury nzima ni raha, ila iliyokula krauni ni kilo nyingi za chuma chakavu ulizolipia bei ya spea.

Kuitambua si kazi. Salisbury ina kifuniko cha duara upande wa nyuma, kimefungwa kwa bolti kumi. Rover haina kifuniko nyuma. Ina bakuli lililochomelewa, na difu imefungwa kutoka mbele. Mtego uko kwenye kutofautisha Salisbury na Salisbury.

Kuna tatu mjini. Ya kwanza ndiyo unayoitaka: ya 109 ya Series III, uwiano wa 4.7, yenye vikalio vya springi za bapa. Ya pili inatoka kwenye Defender 110. Hii ina mabano ya springi za koili, uwiano wake ni 3.54, na gari lake ni pana: umbali kati ya magurudumu ni milimita 1,486 dhidi ya 1,308 za Series. Kuna watakaokwambia itachomelewa vikalio na itaingia. Itaingia, ndiyo, lakini magurudumu ya nyuma yatatokeza nje karibu sentimita tisa kila upande na uwiano hautalingana na wa mbele. Iache. Ya tatu ndiyo hatari zaidi kwa sababu kwa macho ni sawa kabisa na ya kwanza. Inatoka kwenye 109 ya V8 iitwayo Stage One, iliyoanza kutengenezwa 1979. Ina springi za bapa, ila uwiano wake ni 3.54.

Kwa nini uwiano ni jambo la kufa na kupona? Ekseli ya mbele ya gari lako imebaki na 4.7. Ukitia mvuto wa magurudumu manne huku nyuma kuna 3.54, ekseli mbili zinataka kwenda kwa kasi tofauti ilhali transfa, gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, imezifunga pamoja. Kwenye matope matairi yatateleza usijue. Kwenye changarawe ngumu au lami, kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachovunjika, na mara nyingi hicho ni shafti ya mbele au gia za transfa.

Kwa hiyo hesabu pale pale kibandani. Weka ekseli juu ya vipande viwili vya mbao, funga flanji za hafu-shafti kama zimelegezwa, piga alama ya chaki kwenye flanji ya pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni), pale propela inapofungwa. Mtu mmoja ashike habu ya kushoto isizunguke hata kidogo. Wewe zungusha habu ya kulia mizunguko miwili kamili. Mwingine ahesabu mizunguko ya pinioni. Ikifika minne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7. Ikiishia mitatu na nusu na kidogo, hiyo ni 3.54, na hata bei iwe nzuri namna gani, haikufai. Hesabu hii haimchoshi mtu, na hakuna muuzaji wa haki atakayeikataa.

Baada ya hapo ndipo ufungue kifuniko. Nenda na beseni, matambara, tochi na spana za inchi, kwa maana kibandani utapewa spana za milimita. Bolti nyingi za gari hili zina kichwa cha inchi 9/16, yaani milimita 14.3, spana ya 14 haiingii na ya 15 inakula kona za bolti. Kabla ya kumwaga oili, chovya kidole. Oili iliyokaa ndani ya difu iliyofanya kazi ni nyeusi na ina harufu kali. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ukikuta grisi badala ya oili, au oili nzito isiyo ya kawaida, kuna mlio unafichwa. Funga mkoba uondoke.

Ndani ya hausingi, chini kabisa, tope laini la kijivu ni la kawaida kwa difu ya umri huu. Vipande vinavyong'aa vinavyokwaruza kati ya vidole si vya kawaida. Zungusha krauni polepole ukimulika kila jino. Jino zuri lina uso unaong'aa sawasawa na kingo zake zimekamilika. Mashimo madogo kwenye uso wa jino, kingo zilizomeguka, au mstari wa kutu uliochimba pale krauni ilipozama nusu ndani ya maji kwa miezi, yote ni sababu ya kukataa. Kutu ya aina hii ni ya kawaida kwa ekseli iliyolala nje misimu miwili ya mvua bila plagi ya juu. Kutu nyepesi inayofutika kwa kitambaa haina neno. Tazama pia rula za beringi za pembeni, kwa kuwa huko ndiko maji hukaa.

Shika flanji ya pinioni uitikise juu na chini. Isicheze kabisa, ikicheza, beringi za pinioni zimekwisha. Kisha izungushe huku na huku: mchezo kidogo kabla krauni haijashika ni sawa, ila ukisikia mgongano mzito, hapo kuna kazi ya shimu.

Chomoa hafu-shafti zote mbili. Bolti ni sita kila upande, na ukizitoa shafti hutoka kwa mkono. Weka jicho kwenye meno: mistari yake iwe imenyooka kama rula. Ikiwa imejisokota, hata kidogo, shafti hiyo imeanza kufa.

Hausingi nayo inaweza kuwa imepinda, hasa kama gari lake lilipinduka au lilibebeshwa kupita kiasi. Funga chuma kilichonyooka juu ya uso wa kila dramu, kisha pima umbali kati ya ncha za mbele na kati ya ncha za nyuma. Zilingane. Zungusha vyuma visimame, pima juu na chini. Zilingane tena. Tofauti ya milimita kadhaa itakula matairi, na hakuna fundi wa alaimenti atakayeirekebisha, kwa sababu ekseli hii haina mahali pa kurekebisha.

Mwisho angalia kipumulio kidogo kilicho juu ya hausingi. Mara nyingi kimezibwa na rangi au udongo. Ekseli ikipata joto, hewa ya ndani hukosa pa kutokea na kusukuma oili nje kupitia sili za habu, ikamwagika kwenye shuu za breki. Watu hubadilisha sili mara tatu bila kukigusa.

Kuhusu huduma ya vibanda vyenyewe, tofauti kati ya mmoja na mwingine ni kubwa. Wapo wanaokuvutia kiti, wakakupa beseni na kijana wa kukusaidia kuinua, na kukwambia wazi gari lilitoka wapi. Wapo waliokwisha ipiga rangi nyeusi mpya na hawataki uiguse. Rangi mpya juu ya uchafu wa zamani ni ya kumvutia mnunuzi tu. Risiti nyingi zimeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, kwa hiyo andikisha kwa kalamu juu ya risiti hiyo: Salisbury ya 109, uwiano 4.7, imekaguliwa ikiwa wazi, na muda mliokubaliana wa kurudisha kama difu italia. Wanaojiamini hukubali. Bei ni ya mapatano. Usianze kupatana kabla ya kukagua, kwa sababu ukishataja bei umeshajifunga.

Patana ununue ekseli ikiwa kamili: dramu, bamba za breki, silinda za magurudumu, paipu za chuma zilizo juu ya hausingi na, hili ndilo husahaulika, propela ya nyuma ya gari hilo hilo. Pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya Rover, kwa hiyo propela yako ya zamani itakuwa ndefu mno. Paipu za breki nazo zimekunjwa kufuata umbo la hausingi kubwa. Dramu za 109 ni za inchi 11. Ukiletewa za inchi 10, hizo ni za 88, ile Land Rover fupi.

Kama propela haipo, yako itafupishwa na mkereza vyuma. Industrial Area na Kariobangi Light Industries wapo wanaoifanya vizuri. Kipimo chukua wewe mwenyewe, flanji hadi flanji, ekseli ikiwa imefungwa na uzito wote wa gari ukiwa juu ya magurudumu, si likiwa juu ya stendi. Sehemu inayoteleza ibaki na nafasi ya kuingia na ya kutoka. Anapochomelea, uma wa mbele na wa nyuma lazima zilale mstari mmoja, kisha propela ipigwe balansi kwenye mashine. Anayesema balansi si lazima kwa sababu hili ni gari la polepole, mtafute mwingine. Mtetemo wa propela hula beringi ya transfa na sili ya pinioni uliyoilipia jana.

Vitu vya kununua vipya bila mjadala: yu-bolti nne na nati zake, sili mbili za habu, sili ya pinioni, gasketi ya kifuniko, gasketi za flanji za shafti, nati za kujikaza za propela, shuu za breki na mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi. Yu-bolti usinunue kwa jina la gari. Pima unene wa bomba la hausingi na ubebe kipimo. Sili mpya ya habu haitasaidia kama pete inayokalia kwenye stabu-ekseli (ncha ya ekseli inayobeba habu) imechimbwa mfereji. Pitisha ukucha, ukikwama, badilisha pete pia.

Sasa kufunga. Jambo la kwanza ni usalama, na kwenye Series lina siri yake. Handibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika dramu moja nyuma ya transfa, kisha nguvu hupitia propela hadi ekseli ya nyuma. Ukifungua propela, au ukichomoa shafti moja tu, handibreki haizuii kitu, na gia vilevile. Hata ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliachia lizunguke na gari linaweza kujiondokea. Kwa hiyo kabari nzito mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye sakafu tambarare, kabla ya jeki kugusa chuma. Karakana nyingi za Nairobi ziko kwenye udongo. Weka mbao pana chini ya stendi.

Stendi zikae chini ya chasisi, mbele ya springi za nyuma. Piga alama flanji za propela kisha uifungue. Fungua mpira wa breki kwenye chasisi na uzibe tundu. Fungua shokamzoba upande wa chini. Yu-bolti za zamani zikate tu kwa msumeno au grinda. Kupigana na nati zake ni kupoteza asubuhi. Hapo una njia mbili, na iliyo nyepesi ni kufungua bolti za shakeli za nyuma, springi zishuke, na ekseli iviringishwe kurudi nyuma ikiwa na magurudumu yake. Bolti za shakeli hukwama ndani ya bushi kwa kutu. Zipake mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, na uwe na bushi mpya karibu, kwa sababu huenda ukalazimika kukata.

Ekseli mpya ikiingia, kichwa cha bolti ya katikati ya springi lazima kikae ndani ya tundu la kikalio pande zote mbili. Fundi mwenye haraka hukaza yu-bolti kichwa kikiwa kimekaa ukingoni, na gari hutoka likitembea upandeupande kama kaa. Kaza kwa zamu, kona kwa kona. Bolti za shakeli zishike kwa mkono tu hadi gari lishuke chini, ndipo uzikaze. Ukizikaza springi zikiwa zinaning'inia, mpira wa bushi husokotwa na kuchanika mapema. Tazama pia kwamba flanji ya pinioni imeelekea sambamba na flanji ya transfa.

Oili: EP90 ya difu za haipoidi. Kitabu cha gari kinasema lita 2.5 kwa Salisbury na lita 1.75 kwa Rover. Fundi aliyezoea Rover humimina kile kipimo cha zamani, na difu nzuri huungua kwenye safari ya kwanza ndefu. Jaza hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kipimo, gari likiwa tambarare.

Kutoa hewa kwenye breki, kaza kwanza shuu hadi zishike dramu, ndipo uanze na gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali zaidi na masta silinda. Ukimaliza, legeza shuu zizunguke huru.

Majaribio yafanyike kwenye barabara inayopanda na kushuka. Panda kuelekea Limuru ukiwa umekanyaga mafuta, kisha shuka Mai Mahiu kwa gia bila kukanyaga. Mlio unaotoka ukivuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, unatoka kwenye krauni na pinioni. Mngurumo usiobadilika ila kwa kasi ni wa beringi za habu. Mtetemo unaoanza kwenye kasi fulani na kuisha baada yake ni wa propela. Ukisimama, gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko nyenzake, beringi imebanwa au shuu inashika. Kaza tena yu-bolti baada ya kilomita mia moja hivi, na oili ya kwanza uimwage ikifika kilomita elfu moja, maana itakuwa imeosha tope lote la zamani.

Kama 109 yako hubeba watu wawili hadi Karen siku za Jumapili na kung'arishwa kwa ajili ya Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa, hatupendekezi badiliko hili. Fanyia ekseli ya Rover beringi, sili na shafti mpya, nayo itadumu bila kukuletea uzito usiouhitaji.

Na ekseli ya zamani usimuachie fundi wala kuiuza kwa kilo. Difu ya Rover ya nyuma ni ile ile inayoingia kwenye ekseli ya mbele ya gari lako. Ioshe, ijaze mafuta, funga matundu yake kwa gunia, uiweke stoo.